Kabla ya kutoa pesa ya mashine

Zamu yako ya likelemba imefika, na kijana anaomba hiyo pesa anunue CNC, mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Usikatae, lakini usikubali mbio.

Kwanza uliza: atachonga nini? Ile ndogo iitwayo 3018 inachonga eneo la santimeta 30 kwa 18 tu. Vibao vya majina na mapambo, ndiyo. Mlango, hapana.

Pili, umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipofika na ubao unaweza kuharibika. Kompyuta yenye betri haitoshi. Mashine nayo inahitaji betri yake.

Tatu, kuunda au kununua? Kuunda kunafundisha, lakini kifaa kimoja kikikosekana, kazi inasimama. Anayeanza anunue ile inayokuja na vipande vyote vya kuunganisha. Muweke pia pesa ya visu, maana vinavunjika, na ya miwani ya kukinga macho. Vumbi la mbao linaumiza mapafu: mashine isikae wanapolala watoto.

Mwisho, kijana alete kwanza komande tatu za kweli. Akizikosa, pesa ingoje.