Dawa ya Deni Kulipa
Tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa kuajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, augue asiugue. Pesa hiyo ni deni la bima kwake, na dawa ya deni kulipa. Lakini mgonjwa wa saratani hufika dirishani, karatasi ya daktari mkononi, akaambiwa kiwango chake cha bima cha mwaka kimekwisha. Uvimbe haujui kalenda. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Wabunge, andikeni wazi katika sheria: tiba ambayo daktari ameona ni ya lazima ilipiwe, na bima ikikataa, itoe sababu kwa maandishi.