Baiskeli Moja na Nyumba Zilizobomoka



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilikataa kusoma tangazo moja, na ninajua wapo waliorudi nyumbani wamenuna. Tangazo hilo lilitoka kwa wapenzi wa drafti, wale wanaokutana kila jioni chini ya mwembe. Wana kundi lao la WhatsApp, na humo walikubaliana kuendesha bahati nasibu: tiketi shilingi 1,000, malipo kwa simu, mshindi apate baiskeli mpya, na fedha zitakazobaki ziwaendee wenzetu wa huku ziwani ambao nyumba zao zilibomolewa na mvua. Nia yao siitilii shaka. Watu hao nimewaona wakichimba kaburi usiku bila kuombwa na mtu. Hata hivyo nilikataa, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Sikukataa kwa sababu kura ni dhambi. Mtume Mathiya alipatikana kwa kura. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati, kwa yenyewe, haipingani na haki. Huwa mibaya inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea. Sheria ya nchi nayo ipo: tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, anayetaka kuuzia umma tiketi za bahati nasibu hana budi kwanza kubisha hodi kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Lakini hata wangekuja na kibali mkononi, nisingelisoma.

Mwenyekiti wao aliniambia hivi: "Baba Paroko, watu wamechoka kuchangia. Wasipoona cha kupata, hawatoi." Hoja hii ina ukweli ndani yake, na sitaki kuipita juu juu. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka ng'ambo yetu, mkoani Kagera, watu wakafa na maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Taifa zima lilichanga. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wa serikali mkoani humo waliondolewa madarakani kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lilelile la akaunti ya maafa. Januari 2017 Rais Magufuli akawaambia wananchi kwamba serikali haitamjengea kila mmoja nyumba yake. Labda palikuwa na busara katika kutanguliza shule na zahanati. Lakini mama aliyetoa shilingi 2,000 kutoka katika mauzo yake ya dagaa alidhani anamwinulia ajuza wa Bukoba ukuta wake, na hakuna aliyerudi kumweleza fedha yake imekwenda wapi. Huyo ndiye aliyechoka. Hakuchoka kutoa, amechoka kutoelezwa.

Na sasa tunataka kumtibu kwa baiskeli! Aliyepoteza imani hurudishiwa imani kwa hesabu zilizo wazi, si kwa chambo. Sisi watu wa ziwani tunajua chambo ni kitu gani: ni chakula kidogo kinachotolewa na mtu asiyemtakia samaki mema.

Tufanye hesabu. Zikiuzwa tiketi 500, ni shilingi 500,000. Toeni bei ya baiskeli, toeni makato ya simu. Nusu ikifika kwa aliyebomokewa, tumshukuru Mungu. Nusu nyingine imekwenda kwa mtu ambaye nyumba yake imesimama. Na wale 499 walioshindwa hawatasema wametoa, watasema wamekosa.

Wanaosema watu wetu hawatoi bila tamaa wamesahau mapema mno. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu zaidi ya 200 walikufa katika kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na wanakijiji kwa mitumbwi yao, na hakuna aliyewaahidi chochote. Michango ilifuata kutoka nchi nzima, na sehemu yake ikaelekezwa kujenga kituo cha afya hapohapo Bwisya. Hilo jengo mtu anaweza kupanda kivuko akaliona kwa macho yake.

Msidhani ninawasema wacheza drafti peke yao. Sisi wenyewe, kila mavuno, tunanadi kuku mmoja kanisani mpaka anafikia bei ya mbuzi, na mnunuzi anapigiwa makofi huku mjane aliyeleta yai moja akipita kimya kimya. Nimeushika mnada huo kwa mikono yangu, nimecheka pamoja nanyi. Halmashauri Walei imeniomba tulizungumze kikao kijacho, na haya nitakuja nayo.

Kuhusu waliobomokewa: Jumapili ijayo sanduku litakuwa mlangoni. Nimewaomba wapenzi wa drafti wateue wawili miongoni mwao, wahesabu mbele ya watu, na kiasi kibandikwe ubaoni kabla ya Misa inayofuata, pamoja na karatasi yenye sahihi au dole gumba la kila aliyepokea. Wamekubali, ingawa mmoja wao bado ananisalimia kwa mbali. Baiskeli imekwisha kununuliwa na imeegeshwa barazani kwa mwenyekiti. Anayeihitaji aende akamlipe bei aliyoinunulia.