Msicheke Mila Msizozijua

Kuna tabia iliyoota mizizi hapa Manga, katika nchi ya Wagusii, nayo inakera: kijana akisikia mila ya wazee wetu hucheka kwanza, na kuuliza hata haulizi. Huko ni kukosa adabu. Mkataa kwao ni mtumwa, na asiyejua maana haambiwi maana.

Wanachekwa ababari, mafundi wa Kigusii waliopasua vichwa. Mtu akipigwa rungu, maumivu yakamwandama mwezi nenda mwezi rudi, omobari, yaani mmoja wa mafundi hao, alichana ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu polepole na kuutoa uliovunjika, akijihadhari asiuguse ubongo. Wengi walipona. Miaka ya 1950 Daktari Edward Margetts wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliichunguza kazi hiyo na kuiandika. Mgeni anajifunza, mjukuu anacheka!

Inachekwa pia ensoni, ile haya inayomkataza baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Je, Maandiko hayatuamuru kuheshimiana, mzazi na mtoto? Wazee walilishika hilo kabla kanisa la kwanza halijajengwa huku.

Na hao Wazungu mnaowaona wastaarabu tangu kuzaliwa? Mwaka 897, huko Roma, maiti ya Papa Formosus ilifukuliwa, ikavishwa mavazi ya kipapa, ikaketishwa kitini na kushtakiwa. Mwaka 1386, mjini Falaise, Ufaransa, nguruwe jike alihukumiwa akanyongwa kwa kumuua mtoto. Nyani haoni kundule.

Sisemi kila cha kale ni chema. Ninyi vijana wa Manga mna akili, shule zimewafumbua macho, kupepeta mnajua. Basi pepeteni!

Na hapa siwezi kunyamaza. Miongoni mwa hao wanaojiita wameelimika wamo wanaobeba petroli kwenda kumchoma ajuza, eti mchawi. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa huku Kisii kwa tuhuma hiyo. Oktoba 2021 vikongwe wanne waliuawa Marani, huku huku Kisii, kwa tuhuma ileile. Mara nyingine kinachotafutwa ni shamba la kikongwe tu. Ni mila gani hiyo? Ni nani aliyewarithisha? Damu ya mzee haipotei bure mbele za Mungu.

Vijana, mkimwona omong'ina, bibi kizee, amezingirwa, simameni mbele yake, mwiteni chifu. Mkimkuta mzee anaota jua, ketini naye mumwulize, na mkiisha kumsikiliza, andikeni. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na waliyoyaona wao hamtayapata kwa kucheka.