Minzhi Alifuata Hela, Msimpake Asali

Nimechoka kuambiwa kwamba ile filamu ya Zhang Yimou ya mwaka 1999, Asipungue Hata Mmoja, ni hadithi ya mwalimu mwenye upendo. Upendo gani, jamani? Wanaosema hivyo waliona machozi ya mwishoni tu, kule mwanzo walikuwa wanamenya karanga.

Wei Minzhi ana miaka 13. Anapelekwa kijiji cha Shuiquan, China, kumshikia nafasi mwalimu Gao anayekwenda kumuuguza mama yake kwa mwezi mmoja. Ameahidiwa yuan 50, na nyingine 10 kama hatapungua mtoto. Anaachiwa chaki 26, moja kwa siku. Gao mwenyewe hajaona mshahara miezi sita. Upendo utoke wapi hapo?

Mwangalieni vizuri. Anaandika somo ubaoni, kisha anakaa nje mlangoni asitoroke mtu. Anakuja mgeni kumchukua msichana mwenye mbio akasome shule ya michezo mjini, bahati ambayo kijijini haiji mara mbili. Minzhi anamficha! Kisa? Idadi itapungua. Huyo ndiye malaika wenu? Basi hata Zhang Huike anapokimbilia mjini kutafuta kibarua, maana mama mgonjwa na madeni yamewakaba, Minzhi anafuata hesabu yake.

Nauli hana. Darasa zima linakwenda kubeba matofali, na ubaoni wanapiga hesabu: matofali mangapi, kila moja senti ngapi, basi bei gani. Kwa mara ya kwanza anafundisha, na wala hana habari. Huko mjini anaambiwa bosi wa televisheni anavaa miwani, anasimama getini kumuuliza kila mwenye miwani. Zile yuan 10 zimekwisha kupotea njiani. Lini hela iligeuka kuwa mtoto? Zhang hatwambii, na hapo namvulia kofia.

Sasa sisi waandishi chipukizi, tufungue miswada yetu. Maskini wetu ni msafi, mpole, hadai chake, anakufa ukurasa wa mwisho ili msomaji alie. Nani kamwona mtu huyo? Maskini anapatana bei, anaficha, anang'ang'ania senti yake. Mwandikeni huyo.

Halafu mwishoni Zhang naye anachovya kidole kwenye asali. Televisheni inamliza Minzhi, mtoto anapatikana, zawadi zinamiminika, na chaki za rangi juu. Aliiondoa filamu Cannes kwa hasira, akilalamika kwamba filamu za China zinapimwa kama ni za serikali au za kuipinga, na Venice ikampa Simba wa Dhahabu. Sawa. Lakini maandishi yake ya mwisho yanataja watoto milioni moja kila mwaka wanaoacha shule kwa umaskini. Bosi wa televisheni ni mmoja. Na ile miezi sita ya Gao bila mshahara, nani alitakiwa kuilipa? Filamu nzima haimuulizi mtu.