Hesabu ya Mfupa Ianzie Nyumbani

Katika nchi zilizoendelea, wataalamu sasa huitumia kompyuta kubashiri jinsi mfupa uliovunjika utakavyounga. Pale ambapo kipande cha mfupa kimepotea, huwekwa kiunzi chenye vitundu, ili mfupa mpya uote ndani yake huku chenyewe kikiyeyuka polepole. Kompyuta hukigawa kiunzi hicho katika maelfu ya vipande vidogo, hukadiria mzigo unaobebwa na kila kipande, kisha hubashiri wapi patakuwa mfupa, wapi gegedu. Kiunzi kikiyeyuka mapema, mguu waweza kuvunjika tena. Kikiwa kigumu mno, hubeba mzigo wote na mfupa ukadhoofu.

Maendeleo haya tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo, kompyuta haijui ila ilichoambiwa: uzito wa mgonjwa, umri wake, na siku atakayoanza kuukanyagia mguu. Mkulima wa Ruangwa hawezi kukaa kitako korosho zinapoanguka. Atajikongoja shambani kwa fimbo. Hesabu isiyomjua mtu huyo haitamfaa.

Wananchi wa Nachingwea wanalifahamu somo hili. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, ukarudi na hesabu za mashamba makubwa ya karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Lakini mvua na udongo havikutii yaliyoandikwa karatasini. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba jambo hili ni la Kusini pekee. Mchumaji aliyeanguka mkarafuuni Pemba, na kijana aliyeangushwa na pikipiki baina ya Nachingwea na Ruangwa, jeraha likizidi, huenda wakakutana katika wodi moja ya Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Huko upo mfano mwema. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa bure vyuma vya kuungia mifupa. Vyuma vingine huja daktari anapopeleka kumbukumbu na picha za kila upasuaji. Mwaka 2020 madaktari wa MOI na wenzao wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya wagonjwa 200 waliovunjika muundi, waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo elimu iliyotoka katika miguu ya watu wetu wenyewe.

Afya si jambo la Muungano; lakini mfupa haujui mpaka. Kwa hiyo tunaziomba Wizara za Afya za pande zote mbili zikubaliane juu ya fomu moja, itumike tangu hospitali za wilaya: mgonjwa aliumiaje, alitibiwa lini, alianza kutembea lini, na je, mfupa uliunga? Kazi hiyo yataka kalamu na uaminifu. Kompyuta itakapofika, itukute na la kuiambia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ya mkulima ndiyo mali yake ya kwanza.