Gramu za maabara na gramu za barabarani

JICHO LA WIKI
Na Zuberi Mwakasege

Anayenunua gari jipya Ulaya huonyeshwa idadi ya gramu za hewa ukaa zinazotoka kwenye ekzosi kwa kila kilomita. Uingereza imekuwa ikipanga kodi ya magari mapya kwa kipimo hicho tangu 2001, na Umoja wa Ulaya huwatoza faini watengenezaji wanaovuka kikomo. Msingi wake ni imara: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, iwe injini ni ya Mjerumani au ya Mjapani. Lakini gramu hizo hupimwa maabara, na kwa aina moja ya magari zimegeuka kiini macho.

Nazungumzia haibridi za kuchaji, zenye injini pamoja na betri ya kuchomeka kwenye umeme. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa ndani ya magari yenyewe, kwenye vifaa vinavyorekodi mafuta yaliyotumika. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi kipimo cha maabara kwa takriban asilimia 20. Haibridi za kuchaji zilitoa mara tatu na nusu ya kilichoandikwa. Piga hesabu kwa wastani huo: gari la kawaida la gramu 100 linafika 120 barabarani, ilhali haibridi ya gramu 40 inafika 140. Aliyeonekana msafi kuliko wenzake ndiye mchafu.

Watetezi wanasema kosa ni la dereva asiyechaji. Ni kweli kwamba kipimo cha maabara kinamdhania dereva mwenye bidii ya kuchaji. Ila mengi ya magari hayo ni ya kampuni, na dereva mwenye kadi ya mafuta ya mwajiri hana sababu ya kuhangaika na waya. Punguzo la kodi, hata hivyo, amelipata mapema. Wengine hukumbusha kwamba umeme nao huzalishwa kwa makaa ya mawe. Sawa, lakini hilo haliifanyi takwimu ya ekzosi kuwa ya kweli.

Vifaa vya kurekodi mafuta ni lazima katika magari mapya ya Umoja wa Ulaya tangu 2021. Kodi itozwe kwa kinachosomwa humo. Nawe mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam, likikufikia gari hilo likiwa mtumba, uliza linakula lita ngapi betri ikiwa tupu.