Kakao ina cheti, shati halina

Mkulima wa Ipinda, wilayani Kyela, anayeuza kakao ya kilimo-hai amezoea kuulizwa maswali. Umepulizia dawa gani? Umevundika siku ngapi? Umeanika kwenye kichanja au chini? Watoto waliosaidia kupasua maganda walikosa shule? Mkaguzi hupita shambani na karatasi zake, akaangalia migomba inayotia miti kivuli, akafungua stoo, akaandika. Anafanya hivyo kwa ajili ya mlaji wa Ulaya anayetaka kuhakikishiwa, kabla hajafungua chokoleti yake, kwamba hakuna aliyedhulumiwa wala ardhi iliyoharibiwa. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, hivyo maswali haya yameingia katika nyumba nyingi za bonde hili. Na mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, fedha ya kakao ilionekana hadi kwenye vibanda vya nguo.

Kwenye vibanda hivyo ndiko maswali yanakokoma. Mkulima aliyekaguliwa mpaka stoo anachagua shati, anajaribu kola shingoni, anapatana bei, anaondoka. Aliyelishona alilipwa nini? Pamba ililimwa wapi, na kwa sumu gani? Hakuna anayeuliza, na muuzaji asingekuwa na jibu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakiwa mafundi wa kushonea kampuni za Ulaya na Marekani. Nguo zinazotoka viwanda vya namna ile hufika kwetu pia, nyingine zikiwa mpya kupitia Kariakoo, nyingine zikiwa zimeshavaliwa huko Ulaya na Marekani na kuletwa ndani ya belo. Hoja yangu ni kwamba mwanaume wa Ipinda ana haki ileile ya kuuliza aliyonayo mla chokoleti, na kwamba jibu zuri analo karibu zaidi kuliko anavyodhani.

Nazungumzia wanaume kwa makusudi. Mama wa hapa akipata kitenge anakwenda kwa fundi wake, anamwonyesha picha ya mshono anaoutaka kwenye simu, wanabishana juu ya mikono na kiuno. Uhusiano ule upo hai. Wanaume tuliwahi kuwa nao. Kizazi cha baba zetu kilipimisha kaunda suti na suruali ya marinda, na fundi alijua bega lipi la mteja wake limeshuka. Leo wengi tunakwenda kwa fundi kupunguza suruali ya mtumba au kubadilisha zipu.

Mtumba wenyewe unastahili kusemwa kwa haki, maana mjadala wake umejaa lawama za haraka. Ulipata nafasi kubwa nchini katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipoanza kulegezwa na maduka yalipokuwa matupu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa polepole ili ifikapo 2019 uwe umekwisha. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, suala la AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, likawekwa mezani, na Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa mitumba, na Julai 2018 ikasimamishwa kupeleka nguo Marekani bila ushuru. Wanaotaka marufuku wana ushahidi wao: mchumi Garth Frazer, katika utafiti wake wa mwaka 2008, alikadiria kuwa nguo zilizotumika zilisababisha kiasi cha asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa mavazi barani Afrika kati ya 1981 na 2000.

Hata hivyo siungi mkono marufuku. Geuza shati la mtumba la gredi ya kwanza ndani nje ulitazame. Mshono wa ubavuni umekunjwa mara mbili na kupigwa pindo, hakuna uzi unaoning'inia. Michirizi ya mfukoni imekutana na ya kifuani. Kola ina gamu isiyovimba ikifuliwa. Pamba ni pamba. Sasa geuza shati jipya la bei rahisi linaloning'inia kibanda cha jirani: ovaloki moja tu, uzi wa plastiki unaokatika ukivutwa, kitambaa kinachonata mgongoni kwa joto la Kyela kabla saa nne haijafika. Mtu wa kipato kidogo anayechagua la kwanza hajakosea. Ukifunga mlango wa mitumba kesho, nafasi yake haitachukuliwa na fundi wa Ipinda. Itachukuliwa na hilo shati la plastiki. Na tusimsahau mchuuzi anayetoa fedha zake zote kununua belo la kilo 45 asilolifungua, akaomba Mungu ndani kusiwe na matambara.

Lakini mtumba una mpaka wake. Unampa mteja nguo nzuri na haumpi mtu yeyote wa hapa ujuzi wa kuitengeneza.

Wenye kampuni ndogo katika ukanda huu wamejaribu njia nyingine, na baadhi wamefanya kazi ya kuheshimiwa. KikoRomeo ya Nairobi inashona tangu 1996. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na wabunifu wetu wakapata jukwaa. Huko Kampala, Bobby Kolade na chapa yake ya Buzigahill wananunua mitumba, wanaikata na kuiunganisha upya, kisha wanaiuza kwenye nchi zilikotoka. Iringa, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka hapa, Neema Crafts ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha imewapa watu wenye ulemavu ufundi na mshahara tangu 2003. Tatizo ni kwamba kazi zao nyingi bei yake imepangwa kwa mfuko wa mgeni. Mkulima wa mpunga na kakao huzisikia tu.

Neno "imetengenezwa Afrika" nalo halitoshi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha kuwa mfanyakazi aliyeanza kazi katika viwanda vya nguo vya Hawassa, Ethiopia, alilipwa dola 26 kwa mwezi. Nguo ile ilishonwa barani kwetu, na mshonaji hakuweza kuishi kwa alichopata.

Viatu na mikanda navyo vinaonyesha jinsi tusivyouliza wala kuthamini kazi ya mikono ya hapa. Kampuni ya soleRebels ya Addis Ababa imejulikana duniani kwa viatu vyenye soli ya tairi lililokwisha kazi. Hapa kwetu katambuga ni kiatu cha mchunga ng'ombe na cha mtu aliyekosa uwezo. Fundi anayekata tairi kwa kisu kilichoviringishwa mpira wa ndani, akapigilia mikanda na kumwambia mteja akanyage ajaribu, hajawahi kuambiwa kwamba anachofanya kina heshima mahali popote. Kwenye mikanda tunadanganywa waziwazi. Ukitaka kujua, tazama ukingo wake: ukiona tabaka la kitambaa au sponji katikati, hiyo ni plastiki iliyopakwa rangi, na ndani ya miezi michache itabanduka kiunoni. Na haya yanatokea ilhali Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika.

Ya pamba inaniumiza zaidi. Meatu, mkoani Simiyu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo-hai tangu 1994, kwa ajili ya soko la Uswisi na Ulaya. Pamba yetu kwa ujumla husafirishwa nje sehemu kubwa ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikusudiwa kubadilisha hali hiyo. Lakini fundi wa Ipinda leo akitaka kitambaa cha pamba cha shati la kiume, cha rangi moja, kizito kiasi, hakipati kwa urahisi. Anachoweza kupata ni poliesta kutoka ng'ambo. Yaani tunalima kakao na pamba kwa dhamiri za wengine, halafu tunavaa masalia.

Nimekaa kwenye baraza la fundi mmoja hapa Ipinda, cherehani yake ni ya kukanyaga, umeme ukikatika haimhusu. Anapopima suruali anaacha akiba ya upana wa vidole viwili nyuma kiunoni, ndani ya mshono. "Mtu wa kakao hunenepa baada ya mauzo," alinieleza, "akirudi namwachia, hanunui nyingine." Hakuna kampuni ya nje iliyowahi kunifikiria kiasi hicho. Nguo inayoongezwa, inayotiwa kiraka, inayorudishwa kwa mkono uleule ulioishona, ndiyo hasa ile ambayo watu wa miji mikubwa ya Ulaya wanalipia fedha nyingi.

Ila tusimpambe. Mafundi wetu wengi hutumia uzi wa bei ya chini kabisa, huacha kutia gamu kwenye kola ili kubana gharama, na "njoo kesho" yao imewafukuza wateja wengi kuliko mitumba. Kuna pia jambo ambalo halisemwi: mwanafunzi wa fundi. Kijana anakaa mwaka mzima akishona vifungo na kupiga pasi ya mkaa, mara nyingi bila ujira, wakati mwingine mzazi wake ndiye aliyetoa ada. Tukitaka haki kwa mshonaji wa Bangladesh, tumtazame na huyu. Nguo haiwi safi kwa sababu tu mdhulumiwa ni mtoto wa jirani.

Kakao haikupata heshima kwa mkulima mmoja mmoja kujitahidi peke yake. Kulikuwa na vikundi, kukawa na vyama vya ushirika (AMCOS), kipimo cha ubora kinachojulikana, mzigo kukusanywa pamoja, mnada. Mafundi wa Ipinda wanahitaji mambo yanayofanana na hayo. Wakinunua kitambaa kwa pamoja, robota zima la pamba, bei inashuka na uchaguzi unaongezeka. Wakikubaliana juu ya mshono wa chini kabisa unaokubalika, na kila mmoja akashonea jina lake nyuma ya kola, mteja atajua pa kulalamikia na pa kusifia. Mwanafunzi apewe sehemu ya malipo kwa kila nguo aliyoigusa, iandikwe. Nasi wateja tutoe malipo ya awali na kumaliza deni siku ya kuchukua, badala ya kumwachia fundi suruali tatu zinazosubiri mwezi wa mauzo.

Serikali haihitaji sheria mpya kwa hili. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lina ofisi Mbeya. Kikundi cha mafundi vijana wa Ipinda chenye katiba na akaunti ya benki kinaweza kuomba vyote hivyo mwaka huu.

Pa kuanzia ni sare za shule, kwa sababu zinahitajika kila Januari, saizi zinajulikana na kitambaa ni cha aina moja. Shati jeupe la mtoto wa kiume lililoshonwa vizuri Ipinda linaweza kumfikisha mwisho wa mwaka na kurithiwa na mdogo wake. La kununuliwa kwa haraka mjini hufunguka kwapani kabla ya likizo ya Juni, na mzazi hununua tena. Katika vikao vya wazazi vya mwisho wa mwaka, ajenda ya sare isipitishwe kwa kutaja bei peke yake. Fundi aitwe, alete shati la mfano, wazazi waligeuze ndani nje mbele yake kabla hawajakubaliana naye.